Kipanga, Kilaza na Saa za Mtoto

Mhadhara kuhusu shule, akili na nyumbani katika wilaya za Tarime na Serengeti

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kila mtu humu ana jibu lake tayari. Matokeo ya darasa la saba au ya kidato cha nne yakitoka, tunauliza kwa nini huyu kafaulu na yule kafeli, na kabla chai haijapoa tumeshajibu: huyu ana kichwa, yule hana. Wanafunzi wenyewe wana maneno yao, kipanga na kilaza. Mwalimu mwenye haraka anaandika kwenye ripoti "uwezo wake ni mdogo", anagonga mhuri, kazi imekwisha.

Nianze kwa kukiri. Nimefundisha hisabati miaka mingi, na kwenye ripoti ya kijana mmoja wa kidato cha pili niliandika maneno hayo hayo. Sikuwa na kinyongo naye. Alikaa nyuma, haandiki, ukimwuliza anatazama viatu vyake. Muhula uliofuata nikapewa kazi ya kufunga daftari la mahudhurio la darasa lile, kazi ambayo walimu tunaikimbia, na nilipofika kwenye jina lake nikakuta alama za utoro zimejipanga mstari mzima kama siafu. Serikali inapanga siku 194 za masomo kwa mwaka. Yule kijana hakufikisha hata nusu. Sasa mimi, kwa ule mtihani wangu, nilikuwa nimepima nini? Kichwa chake, au ukame uliomtoa darasani akafuata ng'ombe wa baba yake hadi mtoni?

Tangu siku hiyo nimekuwa na shaka na neno "akili" linapotamkwa karibu na matokeo. Naona hapa kwetu tunalitumia kufunika hesabu ambayo hatujaipiga, hesabu ya saa ambazo mtoto alifundishwa kweli.

Tuchukue mfano wa jirani tunayemjua wote. Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Mama yake, Mugaya, alikuwa mke wa tano kati ya wake 22. Hadi umri wa miaka 12 hivi kijana alikuwa anachunga, lugha yake Kizanaki. Mwaka 1934 akapelekwa Mwisenge, Musoma, kilomita 40 hivi kutoka kwao, shule ya bweni. Mwaka 1937 alikuwa Tabora, shule iliyokuwa kilele cha elimu kwa Mwafrika wa Tanganyika. Haya, nani alimfikisha Tabora? Mtu atasema akili, na hakuna atakayebisha. Lakini akili hiyo ilikuwapo pia mwaka 1933, nyuma ya mbuzi. Mwingine atasema nyumbani, maana alikuwa mtoto wa mtemi na Waingereza walitaka watoto wa watemi wasome. Kweli, ila watoto wa Burito walikuwa wengi, na Nyerere tunayemsoma ni mmoja. Mimi, kwa ubishi wangu wa kihisabati, naliangalia lile bweni. Kwa miaka mitatu hakuna mbuzi aliyemwita, hakuna kuni, hakuna msiba wa ukoo uliomtoa darasani. Akili yake ilipewa saa.

Na tazameni kwamba alianza akiwa na miaka 12. Leo mtoto wa umri huo asiyejua kusoma tungempeleka MEMKWA, mpango wa watoto walioikosa shule ya msingi, na moyoni tungekuwa tumeshamkatia tamaa.

Swali hili la shule, akili na nyumbani wakubwa wa dunia wamelihangaikia muda mrefu. Mwaka 1966 huko Marekani mwanasosholojia James Coleman alitoa ripoti iliyotokana na wanafunzi zaidi ya 500,000 katika shule zipatazo 4,000. Serikali yao ilitarajia kusikia kwamba watoto weusi na maskini wanashindwa kwa sababu shule zao ni duni. Coleman akaja na jibu chungu zaidi: ukilinganisha shule na shule, tofauti za majengo, vitabu na maabara hazielezi mengi. Kinachoeleza zaidi ni nyumba alikotoka mtoto. Ripoti hiyo ilisafiri dunia nzima, na hadi leo ukimbana ofisa fulani kuhusu matokeo mabaya atakujibu kwa maneno ya Coleman bila kujua ni ya Coleman: "Tatizo ni wazazi."

Ila kuna mtu aliyekwenda kulijaribu jibu hilo hapo Uganda, ng'ambo tu ya ziwa letu la Viktoria. Stephen Heyneman, Mmarekani, alipima wanafunzi wa mwisho wa shule za msingi mwanzoni mwa miaka ya 1970, akachapisha matokeo mwaka 1976. Aliuliza kazi ya baba, elimu ya wazazi, vitu vilivyomo nyumbani. Akakuta mambo hayo, yaliyokuwa na nguvu kubwa Marekani, Uganda hayakueleza karibu chochote. Kilichotenganisha watoto ni shule: nani alikuwa na kitabu, nani alikuwa na mwalimu anayejua analofundisha. Mwaka 1983 yeye na mwenzake William Loxley wakalinganisha nchi 29, wakasema kadiri nchi ilivyo maskini, ndivyo shule na mwalimu wanavyobeba mzigo mkubwa zaidi wa mafanikio ya mtoto.

Sababu yake si ngumu. Kule ambako kila shule ina choo, vitabu na mwalimu aliyesoma, shule zinafanana, kwa hiyo tofauti inabaki nyumbani. Kule ambako shule moja ina vitabu na nyingine ina ubao uliopasuka, shule ndiyo inayoamua. Mtoto wa mwenye duka Sirari na mtoto wa mlinzi wa zizi, mkiwapeleka wote kwenye darasa lisilo na mwalimu wa fizikia, watatoka wote hawajui fizikia.

Lakini msiondoke na jibu hilo mkalitia mfukoni. Mwaka 2002 Wamarekani watatu, Baker, Goesling na LeTendre, waliirudia kazi ya Heyneman kwa takwimu za miaka ya 1990 wakakuta ile tofauti kati ya nchi maskini na tajiri imefifia. Nyumbani kumeanza kuhesabika kila mahali. Nadhani najua kwa nini, na historia yake imepita Musoma. Novemba 1974, kwa Azimio la Musoma, TANU iliamua kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977. Zikaja shule za UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, na walimu wa UPE, ambao wenzetu waliwacheka bila kukumbuka kwamba wao ndio waliowafundisha a-e-i-o-u. Ukaja mpango wa kuendeleza elimu ya msingi, MMEM, mwaka 2002 baada ya ada ya shule ya msingi kufutwa, zikaja shule za kata kuanzia 2006, ikaja elimu bila ada mwaka 2016. Heyneman aliwapima watoto waliokuwa wamechujwa na umaskini njiani. Waliofika darasa la mwisho walitoka kwa wazazi waliojikaza kweli kweli. Sisi leo tumewaingiza wote. Nyumba zote za Tarime na Serengeti zimeingia darasani pamoja na watoto wao.

Kabla sijaingia nyumbani, nisimame kidogo mnadani. Mtu akichagua madume manono kuliko yote, akayapeleka kwenye malisho yake, na baada ya miezi michache akawaita majirani waone jinsi majani yake yanavyonenepesha, ninyi wafugaji mtamwuliza nini? Mtamwuliza yalikuwa na uzito gani siku aliyoyanunua. Lakini shule ikiwafanyia watoto usaili, ikachukua wenye alama za juu, ikawaacha wengine getini, halafu baada ya miaka minne ikatundika bango la "Division One" tupu kando ya barabara, hatuulizi uzito. Tunapanga foleni na ada mkononi. Hata shule za serikali za vipaji maalumu, Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, zimewekwa makusudi kuchukua waliokwisha kufaulu sana. Shule ya kata kule Ngoreme haina chujio. Inampokea kila aliyepangiwa. Ikimtoa mtoto aliyeingia kwa alama za chini akiwa na daraja la tatu, huenda imefundisha kuliko ile yenye bango. Januari 2023 Baraza la Mitihani lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne bila orodha ya shule kumi bora, watu wengi walilalamika. Mimi nilifurahi peke yangu nyumbani, mke wangu ni shahidi.

Sasa akili yenyewe. Sisemi watoto wako sawa. Aliyewahi kufundisha muhula mmoja tu hawezi kusema hivyo. Kuna mtoto unamwonyesha njia moja ya kutatua hesabu, yeye anakuonyesha ya pili. Swali langu ni kama mitihani yetu inaiona akili hiyo.

Kule Usenge, Bondo, kwenye ziwa letu hili upande wa Kenya, mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto wa Kijaluo wa umri wa miaka 12 hadi 15 kuhusu dawa za asili: mti gani unatibu nini, unatumikaje, kwa kiasi gani. Ni maarifa ya kazi, maana watoto wale wanazitumia. Kisha wakawapima kwa majaribio ya kishule. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2001, yaliwashangaza: waliojua dawa zaidi ndio walioelekea kupata alama za chini za kishule. Si kwamba dawa zinaharibu kichwa. Mtoto ana saa zile zile; nyumba inayomwandaa kwa maisha ya kijiji inazitumia huko, nyumba inayomwandaa kwa shule inazitumia kwingine. Jirani zetu Wajaluo wa Rorya watakuambia kwamba kwao akili haina jina moja. Kuna rieko, ujuzi. Kuna luoro, heshima. Kuna paro, fikra za kujianzia. Kuna winjo, kulielewa jambo na namna ya kulikabili. Shule inapima kipande cha rieko, basi. Na bado kijana mwenye luoro na winjo akifeli, tunamwita kilaza.

Sternberg huyo huyo na wenzake walikwenda pia Bagamoyo, wakafanya jambo ambalo kila mwalimu angepaswa kulifanya. Waliwapa watoto jaribio la kupima uwezo, kisha wakawafundisha kwa muda mfupi jinsi ya kufikiri katika maswali ya aina ile, wakawapima tena. Alama zikapanda. Kwa somo fupi tu! Basi kile tunachokiita uwezo mdogo kwa sehemu ni ugeni. Mtoto hajawahi kuulizwa swali la namna hiyo na mtu mzima yeyote.

Na kama mtu anafikiri akili ya kuzaliwa ndiyo itakayomlisha mtoto hata asiposoma, asikilize hili. Mwaka 1980 wachumi John Knight na Richard Sabot waliwapima wafanyakazi wa Nairobi na Dar es Salaam kwa jaribio la michoro la Raven, ambalo halihitaji kujua kusoma, na pia kwa mtihani wa kusoma na kuhesabu. Katika matokeo waliyoyatoa na Maurice Boissiere mwaka 1985, mshahara uliufuata mtihani wa kusoma na kuhesabu kuliko michoro. Mwajiri alilipia kile mtu alichojifunza. Kichwa kitupu chenye kasi hakikumsisimua.

Tuingie nyumbani, na wazee wangu mnisamehe nikikosea adabu.

Tunapenda kusema tatizo la nyumbani ni umaskini. Nendeni Nyamongo. Mgodi wa North Mara ulianza kuzalisha mwaka 2002, na tangu hapo fedha zimepita pale za fidia, za vibarua, za wanaovizia mbale za dhahabu kwenye vifusi vya mgodi usiku. Madarasa yamejengwa yenye bati zinazong'aa. Lakini kijana wa miaka 15 akipata kwa usiku mmoja fedha ambazo mwalimu wake hazioni kwa wiki, mfundishe umuhimu wa elimu kwa maneno gani? Nyumba imepata fedha, shule imepata bati, saa za mtoto zimekwenda kwenye kifusi. Upande wa Serengeti wanaozila saa hizo ni tembo. Vijiji vinavyopakana na hifadhi vinajua: tembo wakivuka usiku, familia inakesha shambani na tochi na madebe, na asubuhi mtoto aliyekesha anatakiwa ajibu tofauti ya nomino na kitenzi.

Ila hakuna kinachokula saa kama kalenda yetu wenyewe. Mtihani wa darasa la saba unafanyika Septemba. Kidato cha kwanza kinaanza Januari. Katikati kuna miezi mitatu na zaidi ambayo mtoto si wa shule ya msingi tena wala si wa sekondari. Mwalimu mkuu amemwondoa kwenye daftari lake, mkuu wa sekondari hajamwandika. Hana mwenyewe isipokuwa nyumbani. Na ndani ya miezi hiyo imo Desemba, na Desemba, katika mwaka ambao koo nyingi huutenga, ule unaogawanyika kwa mbili (nasema kama mwalimu wa hisabati), ni msimu wa tohara. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18. Wasichana wanaokimbilia kituo cha Masanga, Tarime, au nyumba salama ya Mugumu wanaijua sheria hiyo kuliko sisi. Asiyekimbia anaogopa kuitwa msagane, yaani asiyekeketwa, maisha yake yote. Akishakatwa, anatazamwa kama mtu mzima aliye tayari kuolewa, na ng'ombe wa mahari wanaanza kutajwa. Tangu 2016 Sheria ya Elimu inamtishia kifungo cha miaka 30 anayemwoa mwanafunzi. Sawa. Lakini yule binti wa Desemba ni mwanafunzi wa wapi? Kijana wa kiume naye hasalimiki: anatoka tohara akijiona mwanamume kamili, anarudi kukaa kwenye dawati la kuambiwa "nyamaza wewe".

Binti aliyepata alama nzuri Septemba asipoonekana Januari, hakuna jaribio la akili litakaloeleza kutoweka kwake. Wazee mnaokaa na kupanga mwaka wa tohara, ninyi, kwa uzito wa jambo hili, mna mamlaka juu ya elimu ya wilaya hizi kuliko ofisa elimu.

Tusiwaachie wazazi mzigo wote, maana nilisema neno "ofisa" na naona wengine wametabasamu. Mtoto akifika, je, anafundishwa? Benki ya Dunia ilifanya ukaguzi wa ghafla katika shule za msingi za Tanzania mwaka 2014 na kukuta karibu nusu ya walimu hawamo darasani, ilhali wengi wao walikuwa shuleni. Walikuwa ofisini, chini ya mwembe, wakijaza fomu, wakisubiri. Mimi nimekaa chini ya mwembe huo. Kivuli chake ni kizuri. Fedha peke yake haimwondoi mwalimu chini yake. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza na watafiti wakiwamo Isaac Mbiti walijaribu mambo katika shule 350. Baadhi zilipewa ruzuku ya ziada, baadhi walimu wake waliahidiwa malipo kadiri watoto watakavyofaulu, baadhi zilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikubadilisha alama za watoto. Zilizopata vyote viwili ndizo zilizosogea wazi. Kitabu kinahitaji mtu wa kukifungua mbele ya mtoto.

Na kitabu chenyewe kiko kwa lugha gani? Kule Busia, Kenya, miaka ya 1990 shule ziligawiwa vitabu vya kiada, na watafiti wakasubiri alama zipande. Zilipanda kwa wale waliokuwa tayari wanaongoza. Wengine hawakupata kitu kwa sababu vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwao. Mtoto wa Nyamwaga anaamka na Kikurya, anakutana na Kiswahili darasa la kwanza, na siku anapoingia kidato cha kwanza tunamfundisha bayolojia kwa Kiingereza, tukitafsiri nusu kwa siri mlango ukiwa umefungwa. Akinyamaza, tunaandika "mzito". Nimewahi kumwuliza mwanafunzi swali la uwiano kwa Kiingereza akakaa kimya, nikalirudia kwa Kiswahili akajibu kabla sijamaliza. Alikuwa na jibu dakika zote zile, sisi ndio tuliokuwa na lugha isiyo yake.

Nina ombi dogo kwa walimu wakuu mliopo. Januari ijayo, chukueni orodha ya waliopangiwa kidato cha kwanza kutoka shule zenu, mwiweke sambamba na daftari la mahudhurio la sekondari la wiki ya pili. Andikeni majina yasiyoitikia. Kisha msiyapeleke wilayani kwanza. Yapelekeni kwenye kikao cha ukoo, myasome kwa sauti, jina moja moja, na jina la baba, na mwaka wa tohara.

Naona mzee pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja tembo, na hakuushusha nilipofika kwenye tohara. Karibu mzee wangu, naomba upewe kipaza sauti.